MOTOKAA ISIYO NA DAFTARI NI MBUZI KATIKA GUNIA

Ndugu wanachama,

Karatasi hii kwa kawaida huzungumza habari za mishahara, saa za kazi na nyumba. Mwezi huu twataka kusema juu ya motokaa. Najua wengine watauliza, "Chama kina kazi gani na motokaa za watu?" Jibu ni hili: motokaa nyingi tunazonunua sisi wafanyakazi hununuliwa kwa mkopo wa Sacco, na mkopo huo hukatwa katika mshahara ule ule ambao chama huupigania. Shilingi iliyopatikana kwa majadiliano ya miezi mingi yaweza kupotea asubuhi moja katika uwanja wa kuuzia magari. Basi jambo hili ni letu.

Tena si la mtu mmoja peke yake. Kila mkopo una wadhamini, na mkopaji akishindwa kulipa, wadhamini ndio hukatwa. Gari bovu la mtu mmoja laweza kula mishahara ya watu wanne. Kwa hiyo mwenzako akikuletea fomu utie sahihi, una haki ya kumwuliza, "Ndugu yangu, daftari la gari hilo umeliona?" Asidhani ni dharau. Ni udugu.

Twasema wazi tangu mwanzo kwamba hatumkatazi mtu kununua motokaa. Anayeingia zamu saa tisa ya usiku wakati matatu hazipo, mwenye mzazi mgonjwa mashambani, anayetaka kufanya teksi baada ya kustaafu, wote wana haja. Wala hatusemi mtu anunue mpya. Motokaa nyingi sana zinazoingia Kenya zimekwisha kutumika kwingine, hasa Japani, na nyingine twauziana wenyewe kwa wenyewe. Kununua iliyotumika si kosa. Kosa ni kuinunua bila kujua imetumikaje.

HESABU YA MKOPO

Tuchukue mfano. Mtu akope shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, alipe kwa miezi 48. Atakatwa kama shilingi 15,800 kila mwezi, na jumla atakuwa amelipa shilingi 758,000 hivi. Miaka 4 ni muda mrefu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ile gari linanunuliwa atakuwa amemaliza la nne. Je, gari litakuwa hai siku hiyo ya malipo ya mwisho?

Mwenzetu mmoja wa karakana alinunua motokaa kwa njia hiyo. Ilikuwa nzuri kutazama, imepigwa polishi, viti vimesafishwa, redio yalia vizuri. Aliuliza habari za matengenezo, akaambiwa, "Hili halijawahi kusumbua." Hakuonyeshwa karatasi hata moja. Wiki ya saba, katika safari ya kwenda kwao, mkanda wa taimingi ulikatika. Pistoni ziligonga valvu, valvu zikapinda, na injini ikawa chuma kitupu kandokando ya barabara. Alipomrudia aliyemwuzia, alijibiwa kwamba gari lilikuwa zima lilipotoka kwake, naye hakuwa na maandishi ya kumpinga. Gari lililala uani chini ya turubai, lakini mkopo haukulala. Kila mwisho wa mwezi ulikatwa kama kawaida.

Ule mkanda si kitu cha ghali ukilinganisha na injini. Katika motokaa nyingi za namna hiyo, kama Subaru Forester za zamani, mkanda hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Risiti moja tu ingalimwambia mwenzetu kama umekwisha kubadilishwa au bado. Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba yafaa aitake.

RELI YATUFUNDISHA NINI

Sisi watu wa reli hatuna udhuru katika jambo hili, maana kazi yetu yote yaendeshwa kwa daftari. Dreva akimaliza safari huandika kasoro alizoziona: breki ilichelewa kushika, oili yavuja mahali fulani. Fundi akija huandika alilolifanya na kutia sahihi. Dreva wa pili husoma kabla ya kuondoa injini. Hakuna dreva mwenye akili atakayechukua injini kwa sababu tu imeoshwa ikang'aa.

Wazee waliofanya kazi enzi za mvuke walishika jambo hili zaidi. Zile injini kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34. Moja yao, nambari 5918, iko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na kila mwanachama aweza kwenda kuiona. Boila la mvuke ni chombo cha hatari. Lisipofuliwa kwa wakati wake, uchafu wa maji hujikusanya ndani na mabati huungua. Kwa hiyo tarehe za kulifua na kulipima ziliandikwa. Tena katika matengenezo makubwa boila liliweza kuvuliwa katika injini moja na kuvishwa nyingine, basi boila lilikuwa na nambari yake na habari zake mbali na zile za injini. Hakuna aliyesema, "Nambari ya injini naijua, yatosha."

Motokaa nayo ni vivyo hivyo. Bodi yaweza kuwa ya gari moja na injini ya gari jingine. Ndiyo maana yafaa nambari ya chesisi na nambari ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, kisha zilinganishwe na karatasi.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba mali ya mwenzio bila daftari, ukiinunua, hupotea mikononi mwako.

LOGIBUKU SI DAFTARI LA MATENGENEZO

Hapa wengi huchanganyikiwa. Mtu akionyeshwa hati ya gari, ile tuiitayo logibuku, hudhani amekwisha kuona yote. Logibuku yaonyesha mwenye gari ni nani, chesisi, injini, rangi na mwaka wa kuundwa. Ni karatasi ya lazima, na kabla ya kutoa pesa mtu atafute habari za gari hilo kwa Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, aone kama jina ni la yule anayeuza, na kama hakuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja naye. Lakini logibuku haisemi oili ilibadilishwa lini. Haisemi mkanda una umri gani, wala kama injini iliwahi kuchemka.

Pia msidanganywe na herufi za namba. Namba mpya yaonyesha gari liliandikishwa lini hapa Kenya. Haionyeshi liliundwa lini. Kanuni ya Kenya iitwayo KS 1515 ya mwaka 2000 hairuhusu kuingizwa motokaa iliyopita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari lenye namba ya jana laweza kuwa limekwisha fanya kazi miaka 7 ugenini.

Daftari tunalolisema sisi ni karatasi zote zionyeshazo gari limefanyiwa nini, lini, na likiwa limekwenda kilomita ngapi. Ni kile kitabu cha huduma kinachotoka na gari kiwandani, risiti za gereji, risiti za vipuri, kile kikaratasi cha oili kinachofungwa chini ya boneti, na vyeti vya ukaguzi.

JINSI YA KULISOMA

Kupewa karatasi si kutosha. Yapasa zisomwe kwa macho ya mkaguzi.

Kwanza, tazama kilomita zikipanda pamoja na tarehe. Risiti ya Machi ikiwa na kilomita 82,000, ya Oktoba haiwezi kuwa na 79,000. Ikiwa ndivyo, mita imerudishwa nyuma au karatasi ni za gari jingine.

Pili, fanya hesabu ya kazi. Teksi ikienda kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 45,000. Miaka 5 ni kilomita 225,000. Ukiambiwa gari lilifanya teksi miaka 5 na mita yasoma 90,000, huna haja ya fundi kukueleza. Tazama na mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dreva. Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini mpira uliolika haurudi.

Tatu, tazama mwandiko. Kitabu cha kweli kimechakaa. Kina alama za vidole vyenye grisi, wino wa namna mbalimbali na mihuri iliyopinda. Kitabu chenye huduma 8 za miaka 4, zote kwa kalamu moja na mkono mmoja, kiliandikwa siku moja. Sisi tuliowahi kuona kadi za saa za kazi zikijazwa Ijumaa jioni kwa wiki nzima twaujua mwandiko huo.

Nne, tazama nambari ya gari katika kila risiti, kisha ipigie simu gereji iliyoandikwa hapo. Fundi mwaminifu hukumbuka gari alilolishughulikia, na mara nyingine husema jambo ambalo muuzaji alilisahau.

Tano, tafuta kazi kubwa, si oili tu. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, maji ya rejeta. Watu wengi hubadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000 na kuisahau ile ya giaboksi kabisa. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji ya hewani kidogo kidogo, na katika mteremko mrefu maji hayo huchemka, pedali ikaenda chini bila kushika. Wanaotelemka kwenda Bonde la Ufa na wafikiri hapo.

Sita, chuma chenyewe kiulizwe kama kinakubaliana na karatasi. Fungua kifuniko cha oili. Uji mweupe ndani yake waweza kuwa dalili ya maji kuingia katika oili. Tope jeusi kama lami lasema oili haikubadilishwa kwa wakati, hata kama kitabu chasema ilibadilishwa. Tairi nayo ina tarehe yake: zile tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lisemwalo limekwenda kilomita 15,000 tu, nalo limekwisha badilishwa tairi zote nne, lina maneno ya kueleza.

ZILE ZITOKAZO JAPANI

Wengine husema, "Gari hili limetoka melini sasa hivi, daftari litoke wapi?" Litoke huko huko lilikotoka. Japani motokaa mpya hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa katika cheti cha ukaguzi. Magari mengi huuzwa katika minada, na kila gari lina karatasi ya mnada yenye daraja lake, kilomita zake na mchoro wa mikwaruzo. Katika karatasi hizo herufi R kwa kawaida yaonyesha gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Tena gari haliingii Kenya bila cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa. Mwagize muuzaji akuonyeshe karatasi hizo, na kilomita zake uzilinganishe na mita.

Lugha isiwatishe, kwani tarakimu ni zile zile. Jambo moja tu la kujua ni kwamba Wajapani mara nyingi huhesabu miaka kwa zama za mfalme wao. Heisei 28 ni mwaka 2016. Reiwa 1 ilianza mwaka 2019, kwa hiyo Reiwa 4 ni mwaka 2022. Mara nyingi pia utakuta kibandiko katika chumba cha injini kisemacho mkanda ulibadilishwa kwa kilomita kadha wa kadha. Kibandiko kikisema 100,000 na mita ikasema 68,000, mwage kwa heri muuzaji huyo.

Mwenye kusema karatasi zimepotea zote, asimwite mwenzake mjinga akikataa kununua.

IKIWA DAFTARI HALIPO

Tuseme haki. Kukosa daftari hakuthibitishi kwamba gari ni bovu. Wako watu waangalifu wasiotunza karatasi, na wako wajane na watoto wanaouza gari la marehemu bila kujua aliziweka wapi. Lakini hapo mnunuzi ashike kanuni moja: kazi isiyoandikwa ihesabiwe kama haikufanywa. Aende na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Amwambie aandike gharama ya mkanda, oili zote, breki na maji, kana kwamba gari halikuguswa kamwe. Gharama hiyo itolewe katika bei. Muuzaji akikataa kupunguza, au akikataa gari lisitazamwe na fundi, kukataa kwake ni jibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena mapatano yaandikwe. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia vyema. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Lakini haki yataka ushahidi. Karatasi nyingi za kuuziana zina maneno ya kwamba gari lauzwa kama lilivyo, na mnunuzi hutia sahihi bila kusoma. Basi, kabla hujatia sahihi, andikisha humo kilomita za gari, na maneno ya muuzaji mwenyewe: kwamba mkanda ulibadilishwa tarehe fulani, kwamba gari halikugongwa. Akiwa msema kweli hataogopa kalamu. Maneno yaliyosemwa tu huchukuliwa na upepo.

DAFTARI LAKO WEWE

Mwenye gari leo ni muuzaji wa kesho. Nunua daftari la shule. Kila kazi ifanywayo, andika tarehe, kilomita, kazi, jina la fundi na pesa, kisha mwombe fundi atie sahihi. Risiti zitie katika bahasha. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuongezea bei kuliko polishi, na aliyenunua kwako hatakukimbia mkikutana stesheni.

Kuna na jambo la heshima ya kazi hapa. Fundi atiaye sahihi hufanya kazi kwa uangalifu, maana jina lake limekaa hapo. Fundi mbaya hachukii kitu kama daftari. Sisi tunaodai kazi yetu ya mikono ithaminiwe, na tuwe wa kwanza kuitaka iandikwe.

TUNALOLETA MBELE YENU

Mwishowe, twaleta mambo matatu mkutano wa tawi ujao uyazungumze.

La kwanza, tuiombe kamati ya Sacco isitoe mkopo wa motokaa iliyotumika mpaka mkopaji alete taarifa ya fundi na nakala ya karatasi za matengenezo, au taarifa ya gharama ikiwa karatasi hazipo. Mdhamini azione kabla ya kutia sahihi.

La pili, wenzetu wa karakana wanaojua injini wajitolee kwa zamu Jumamosi, mwanachama asindikizwe kwenda kutazama gari. Macho ya watu wawili yaona zaidi, na macho ya asiyelipenda gari hilo yaona zaidi kuliko yote.

La tatu, tawi liweke kitabu kimoja ofisini, ambamo mwanachama aliyenunua gari ataandika mambo aliyoyaona, mema na mabaya, ili wa nyuma yake wasome. Dreva hufanya hivyo kwa injini ya reli kila siku, kwa ajili ya dreva asiyemjua. Sisi nasi tufanyiane hivyo.

Njoni mkutanoni na maoni yenu. Wenye magari njoni na madaftari, na wasio nayo njoni na maswali.

Umoja ni nguvu.

Mhariri